Ndege-matete wa Basra: azaliwaye Iraki, akaaye kwetu

Mwaka 1891 mtaalamu wa ndege Mjerumani, Gustav Hartlaub, alimpa jina la kisayansi ndege mdogo wa rangi ya kijivu-kahawia, mwenye mdomo mrefu mwembamba, ushi mweupe juu ya jicho na kifua cheupe. Ndege aliyemchunguza hakutoka Basra wala popote pengine Iraki. Alitoka Nguru, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Acrocephalus griseldis, yaani ndege-matete wa Basra, alikuwa mgeni pale, amekuja kukwepa baridi ya kaskazini. Sayansi ilimpa jina akiwa ugenini, na tangu hapo habari zake nyingi zimeandikwa kutoka ugenini huku huku, Afrika Mashariki.

Naanza na jambo hilo kwa sababu ndilo linalokifanya kisa chake kiwe tofauti. Leo ndege huyu yumo katika Orodha Nyekundu ya IUCN, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, kwenye daraja la spishi zilizo hatarini kutoweka, na amekuwamo humo tangu 2004. Chanzo kikuu cha hatari hiyo kiko Iraki kusini. Lakini kwa zaidi ya miaka kumi ambayo hakuna aliyeweza kuingia katika vinamasi vya Iraki kuhesabu ndege, ushahidi wa wazi kwamba bado yupo ulipatikana kwenye nyavu zilizotandazwa usiku katika hifadhi ya Tsavo, Kenya. Hapa nataka kufuata mambo mawili: namna hali ya spishi inavyopimwa wakati makazi yake hayafikiki, na kwa nini ramani pana ya masafa yake isimfariji mtu yeyote.

Tuanze na ramani yenyewe. Ukiichora, rangi inaanzia mabonde ya Tigris na Frati, inavuka Rasi ya Uarabuni, inapita Sudan na Ethiopia, inashuka kusini mwa Somalia, kusini-mashariki mwa Kenya, mashariki mwa Tanzania, kusini mwa Malawi hadi Msumbiji. Ni maelfu ya kilomita. Mtu asiyezoea ramani za ndege wahamao atasema huyu ana nafasi tele. Kosa liko hapo. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni njia na mahali pa kupumzikia. Mahali pa kuzaliana ni padogo sana, na sehemu kubwa ya mahali hapo ni mfumo mmoja wa vinamasi: Al-Hammar, Vinamasi vya Kati na Al-Hawizeh, pale mito miwili inapokaribiana kabla ya kumwaga maji Ghuba. Anazaliana pia katika maeneo mengine ya Iraki yenye matete, ng'ambo ya mpaka nchini Iran, na katika Bonde la Hula kaskazini mwa Israeli, ambako aligunduliwa mwaka 2006. Ugunduzi wa Hula ni habari njema, lakini pale ni padogo. Vinamasi vya Iraki vikikauka, Hula haiwezi kuvibeba.

Spishi nyingi zilizo hatarini zina eneo dogo kote kote, kwa mfano ndege wa kisiwa kimoja au wa mlima mmoja, na hatari yao inaonekana kwa macho. Ndege-matete wa Basra ana hatari ya aina nyingine: eneo pana lenye mlango mmoja. Kila ndege anayeonekana kwenye mito ya Tana, Rufiji au Shire alipita mlango huo, na mlango ukibanwa kwa misimu michache, upana wa huku kusini haumsaidii kitu.

Mwaka wake unakwenda hivi. Hufika Iraki katika majira ya kuchipua, mwezi wa nne hivi, matete yanapoanza kuota upya. Hujenga kiota kwa kukizungusha kwenye mabua kadhaa ya matete au mafunjo yaliyosimama ndani ya maji, akasuka majani na nyuzi hadi kikombe kikae imara hata upepo ukiyumbisha mabua. Hulea mayai na makinda kati ya mwezi wa tano na wa saba, wadudu wakiwa wengi. Joto kali la kiangazi linapotimia huondoka. Kati ya mwezi wa nane na wa kumi huonekana pwani ya Bahari ya Shamu nchini Sudan na huko Ethiopia, na huko hatulii siku mbili tatu tu bali wiki nyingi, akila na kujinenepesha wakati nchi hizo zingali na kijani cha mvua. Mwezi wa kumi na moja, mvua za huko zikiwa zimekwisha na vuli ikianza Kenya, hushuka kwa awamu ya pili. Hupita Tsavo kati ya mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, kisha hutawanyika kwenye vichaka vizito na mimea ya kandokando ya maji katika nyanda za chini za Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji. Hukaa hadi karibu na masika. Mwezi wa nne safari ya kurudi inakamilika.

Ukihesabu miezi, anakaa barani Afrika muda mrefu kuliko anaokaa Iraki. Ni Mwiraki kwa kuzaliwa, lakini siku nyingi za maisha yake ziko katika matope yetu. Ana uzito wa gramu 15 hadi 20 hivi, na safari hii anaifanya kila mwaka, kwenda na kurudi.

Sasa turudi Iraki, kwa sababu huko ndiko kisa kilikoharibikia.

Vinamasi vya Mesopotamia vilikuwa na ukubwa unaokadiriwa kati ya kilomita za mraba 15,000 na 20,000. Vilikuwa makao ya Ma'dan, Waarabu wa vinamasini, waliojenga nyumba za matete juu ya visiwa vya matete, wakafuga nyati wa maji na kuvua samaki. Baada ya uasi wa 1991 dhidi ya serikali ya Saddam Hussein, waasi wengi walikimbilia humo, na serikali ikaamua kuyaondoa maji yenyewe. Matuta yalijengwa na mifereji mikubwa ikachimbwa ili maji ya Tigris na Frati yapite kando ya vinamasi badala ya kuingia ndani. Mmojawapo wa mifereji hiyo, wenye urefu wa kilomita 565, ulikamilika Desemba 1992. Kazi iliyohitaji mitambo, wahandisi na miaka ilifanywa ili kuwanyima watu mahali pa kuishi.

Mwaka 2001 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha picha za setilaiti zilizopigwa kwa miaka tofauti. Zilionyesha kwamba takriban asilimia 90 ya vinamasi ilikuwa imepotea. Vinamasi vya Kati vilikuwa vimebaki jangwa la chumvi karibu vyote, Al-Hammar vivyo hivyo, na kilichosalia kwa sehemu ya maana kilikuwa Al-Hawizeh, kinachovuka mpaka kuingia Iran. Mamia ya maelfu ya Ma'dan walikuwa wamefukuzwa au wamekimbia.

Kwa ndege anayezaa ndani ya matete yaliyosimama majini, hesabu hiyo haihitaji ufafanuzi mrefu. Lakini kuna jambo ambalo mara nyingi hurukwa. Ndege wazima hawakufa siku maji yalipoondoka. Waliondoka kwenda Afrika kama kawaida, wakarudi mwezi wa nne na kukuta udongo uliopasuka. Wengine walijibana katika mabaki ya matete kandokando ya mifereji na huko Al-Hawizeh; wengine hawakuzaa msimu huo, wala uliofuata. Ndege wadogo wa aina hii huishi miaka michache tu. Misimu kadhaa isiyo na makinda inatosha kulimaliza kundi bila mzoga hata mmoja kuonekana. Ndiyo maana maangamizi ya aina hii ni vigumu kuyapigia picha: hakuna kilichoanguka, kuna tu wasiozaliwa.

Na hakuna aliyekuwapo kuwahesabu. Kati ya 1991 na 2003 vinamasi vilikuwa eneo la kijeshi. Mtaalamu aliyetaka kujua hali ya ndege-matete wa Basra alilazimika kuangalia mahali pengine, na mahali hapo palikuwa hoteli moja ya watalii juu ya mteremko wa milima ya Ngulia, Tsavo Magharibi.

Ngulia inahitaji kuelezwa kwa karibu, maana bila kujua kazi inavyofanyika pale huwezi kujua takwimu zake zina uzito gani. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1969 na ikawekewa taa kali za kumulika kisima cha maji ili wageni waone tembo na chui usiku. Ikagundulika mapema kwamba katika usiku wa giza, pasipo mwezi, ukungu unapopanda kutoka bondeni mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, ndege wahamaji kutoka kaskazini hupotezwa na mwanga, wakashuka kwa mamia na kuzunguka taa. Tangu mwaka huo huo wa 1969 watafiti, wakiongozwa kwa miongo mingi na David Pearson na Graeme Backhurst, wamekuwa wakitandaza nyavu laini pale, kuwatoa ndege mmoja mmoja, kuwavisha pete ya alumini mguuni yenye namba na anwani ya Makumbusho ya Nairobi, kuwapima na kuwaachia. Jumla ya ndege waliovishwa pete Ngulia imekwisha kupita laki kadhaa, na hakuna mahali pengine kusini mwa Sahara panapokaribia hesabu hiyo kwa wahamaji wa aina hizi.

Wengi wa wanaonaswa ni ndege-matete wengine, hasa Acrocephalus palustris, pamoja na sprosa, ndege wa kundi la nightingale kutoka Ulaya mashariki na Urusi. Ndege-matete wa Basra ni wachache kati yao. Kumtambua mkononi kunataka jicho na rula. Ana mfanano wa karibu na ndege-matete mkubwa, Acrocephalus arundinaceus, na kwa muda baadhi ya wataalamu walimhesabu kuwa tawi la huyo tu, si spishi kamili. Lakini ukiwa na wote wawili mezani tofauti inajitokeza: mkubwa ana uzito wa gramu 30 hivi, karibu mara mbili ya huyu, bawa lake hufika milimita 90 na zaidi, wakati la ndege wa Basra huwa milimita 80 na kitu, huyu ni wa kijivu zaidi mgongoni, mweupe zaidi tumboni, na mdomo wake ni mwembamba kuliko ukubwa wake unavyotarajiwa. Kipimo cha bawa ndicho kinachomaliza ubishi. Mpimaji hulinyoosha bawa juu ya rula yenye kigingi, akasoma namba, mwenzake akaandika, kisha mikono inafunguka na ndege anaruka kuelekea vichakani.

Kwa njia hiyo, wakati Iraki imefungwa, Ngulia ilikuwa inahesabu wale waliotoka huko. Ndege-matete wa Basra waliovishwa pete pale ni wengi kuliko waliovishwa mahali pengine popote duniani. Na rekodi hizo ndizo zilizotumiwa kuonyesha kwamba sehemu yake katika mkusanyiko wa wahamaji ilikuwa imeshuka ikilinganishwa na miaka ya mwanzo.

Hapa lazima mtu awe makini. Idadi ya ndege wanaonaswa Ngulia inategemea ukungu. Mwaka wenye ukungu mwingi na usiku mwingi wa giza huleta maelfu. Mwaka mkavu huleta wachache, hata kama wahamaji angani ni wale wale. Idadi ya nyavu na saa za kuzitandaza hubadilika pia. Kwa hiyo kusema tu kwamba mwaka fulani walinaswa wachache ni kusema karibu bure. Kinachotoa maana ni uwiano: kati ya ndege elfu walionaswa katika usiku ule ule, chini ya ukungu ule ule, ni wangapi wa Basra? Taa na ukungu vinawavuta wote kwa pamoja, kwa hiyo mmoja wao anapopungua na wenzake wasipungue, sababu haiko Tsavo. Iko kule alikotoka. Naona huu ni mfano safi wa namna takwimu yenye kasoro inavyoweza kusema kweli ikiulizwa swali sahihi, na ni sifa kubwa kwa watu waliokuja usiku baada ya usiku kwa zaidi ya miaka arobaini bila kujua kwamba siku moja daftari zao zingekuwa shahidi wa jambo lililotendeka kilomita elfu kadhaa mbali.

Mwaka 2004 daraja likatangazwa: hatarini kutoweka. Inafaa kuelewa aliingia kwa mlango gani, kwa sababu vigezo vya IUCN ni vingi na watu huvichanganya. Spishi inaweza kuingizwa kwenye daraja hilo kwa kuwa na ndege wazima wachache, chini ya 2,500, wanaoendelea kupungua. Inaweza kuingizwa kwa kuwa na eneo dogo lililokatika vipande. Au inaweza kuingizwa kwa kasi ya kupungua: nusu au zaidi katika miaka kumi au vizazi vitatu, kipindi kipi ni kirefu zaidi. Ndege-matete wa Basra aliingia kwa kasi. Na kasi hiyo haikupatikana kwa kuhesabu ndege wenyewe bali kwa kupima makazi yaliyopotea, kwa hoja kwamba ndege asiyezaa nje ya matete hawezi kupungua pungufu sana ya matete yenyewe. Ni njia halali, na kwa hali ya Iraki ya wakati ule ilikuwa karibu ndiyo pekee.

Lakini njia hiyo ina tabia yake. Makazi yanayopimwa kwa setilaiti hupanda na kushuka haraka kuliko ndege. Matete yaliyorudi mwaka huu si ndege waliorudi mwaka huu. Hilo likawa jambo la msingi mara tu baada ya 2003.

Serikali ya Saddam ilipoanguka mwaka huo, wakazi hawakungoja mpango wa mtu. Walitoboa matuta kwa mikono na mashine, maji yakaingia, na katika miaka mitatu minne karibu nusu ya eneo la zamani ilikuwa imefurika tena. Matete ni mmea mwepesi wa kurudi. Mashina yake ya chini ya ardhi hulala miaka na kuchipua maji yakifika. Kuanzia 2005 shirika la Nature Iraq, lililoanzishwa na mhandisi Azzam Alwash, kwa ushirikiano na BirdLife International, shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, lilituma wataalamu wa Kiiraki kufanya uchunguzi wa maeneo muhimu ya bayoanuwai nchini humo, kiangazi na kipupwe, hadi 2010. Walimkuta ndege-matete wa Basra anaimba tena katika matete mapya, na kwa wingi uliowapa moyo watu waliodhani wangekuta kimya. Viota vilipatikana na vikachunguzwa. Kwa mara ya kwanza habari za kuzaliana kwake zilianza kuandikwa na watu wa nchi yake mwenyewe.

Al-Hawizeh kikawekwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2007, cha kwanza Iraki. Mwaka 2013 serikali ilitangaza hifadhi ya taifa katika Vinamasi vya Kati, nayo ya kwanza nchini. Mwaka 2016 UNESCO iliviingiza vinamasi vya kusini mwa Iraki katika orodha ya urithi wa dunia.

Baada ya habari zote hizo, mtu angeuliza kwa nini daraja halikushushwa. Makadirio ya BirdLife yanaweka ndege wazima kati ya 1,500 na 7,000. Kwa ndege mdogo mwenye ramani ya nchi zaidi ya kumi, hiyo ni idadi ndogo mno. Na upana wa makadirio wenyewe unaonyesha kwamba hata baada ya uchunguzi wa miaka ile, eneo la matete ni kubwa na njia za kuhesabu bado ni chache. Kumhesabu ndege huyu ni kuusikiliza wimbo wake kutoka kwenye mtumbwi, asubuhi, katika ukuta wa matete unaomzidi mtu kimo, katika nchi ambayo safari ya mtumbwi imekuwa na hatari zake. Lakini sababu kubwa zaidi ya kutoshusha daraja ni maji.

Zamani maji ya vinamasi yalikuja kwa mpigo. Theluji ya milima ya Uturuki na Iran iliyeyuka, mito ikajaa kati ya mwezi wa tatu na wa tano, mafuriko yakasukuma chumvi nje na kuinua usawa wa maji wakati ule ule matete yanapochipua na ndege wanapofika. Mabwawa ya juu yamelikata pigo hilo. Uturuki ilikamilisha bwawa la Atatürk kwenye Frati mwaka 1990, na bwawa la Ilısu kwenye Tigris lilianza kujazwa mwishoni mwa muongo uliopita. Iran imejenga bwawa kwenye mto Karkheh, unaolisha Al-Hawizeh. Iraki yenyewe ina mabwawa yake na kilimo cha umwagiliaji kinachokunywa kwanza. Maji yanayobaki hufika machache, yamechelewa, na yana chumvi.

Kwa kiota kilichofungwa kwenye mabua, majira ya maji ni muhimu sawa na wingi wake. Usawa ukishuka mwezi wa tano, mayai yakiwa ndani, mabua yanabaki juu ya tope. Paka-mwitu, mbweha na panya wanafika kwa miguu. Nyati wanaingia kula machipukizi. Matete makavu yanachomwa. Mtu wa setilaiti ataona rangi ya kijani mwezi wa nne na kuandika kwamba makazi yapo, kumbe mwezi wa sita hakuna kinda hata mmoja aliyeruka.

Mwaka 2019, baada ya mvua kubwa za kipupwe, vinamasi vilijaa karibu kama zamani. Kuanzia 2021 ukame ukafuata, na hadi 2023 sehemu kubwa zilikuwa zimekauka tena, nyati wakafa, familia zilizorudi baada ya 2003 zikahama mara ya pili. Ndivyo hali yake ilivyo sasa: kupanda kwa msimu mmoja na kuanguka kwa misimu mitatu. Kundi la ndege wanaoishi miaka michache halihimili mzunguko wa namna hiyo kwa muda mrefu.

Hapa inafaa kumweka kando yake ndege mwingine wa vinamasi vile vile, kiongo-matete wa Iraki, Argya altirostris. Naye alidhaniwa amefungwa na matete ya kusini. Lakini yeye haondoki kwa msimu, na amejua kuishi kwenye matete ya mifereji ya umwagiliaji na kandokando ya mashamba. Badala ya kupungua amepanda na mto Frati hadi Syria na Uturuki. Makazi yale yale, maafa yale yale, na mwisho tofauti kabisa. Tofauti hiyo inanifanya nisikubali kauli nyepesi kwamba vinamasi vikipona ndege wote watapona. Aliyezoea kubaki anaweza kujipenyeza polepole kwenye nafasi mpya. Anayefika mara moja kwa mwaka, amechoka, akiwa na wiki chache tu za kuzaa, anahitaji maji yawe yamefika kabla yake.

Upande wetu wa ramani hauna maafa ya ukubwa ule, lakini una dalili za njia ile ile. Eneo linalotajwa mara nyingi kuwa makazi yake ya msimu nchini Kenya ni delta ya Mto Tana. Mto huo una mabwawa matano ya umeme juu yake, kutoka Kindaruma la miaka ya 1960 hadi Masinga na Kiambere, na kwa kila bwawa pigo la mafuriko ya masika na vuli limelainishwa. Mafuriko hayo ndiyo yanayolisha mbuga za nyasi za Waorma, mashamba ya mpunga na migomba ya Wapokomo, mabwawa ya samaki, na vichaka vya matete ambamo mgeni wa Iraki hujificha. Mwaka 2008 mradi wa miwa wa zaidi ya hekta 20,000 ulipata kibali, ukafuatwa na mapendekezo mengine ya mazao ya mafuta. Wakazi walikwenda mahakamani. Miwa haikupandwa kwa kiwango kile, delta ikaingia Ramsar mwaka 2012 ikiwa na hekta 163,600, na mwaka 2013 Mahakama Kuu iliagiza mpango wa matumizi ya ardhi utengenezwe kwa kuwashirikisha wakazi. Mpango ulitengenezwa, Nature Kenya, shirika la uhifadhi, likiwa miongoni mwa waliousukuma. Mwaka 2012 damu ilimwagika huko kwa ugomvi wa malisho, maji na ardhi. Si haki kuzungumzia ndege wa delta bila kulitaja hilo, kwa sababu ndege na watu pale wanategemea mafuriko yale yale.

Je, Tana ingeharibika, spishi ingetoweka? Kwa maoni yangu hapana, si kwa hilo peke yake. Huku kusini anatawanyika sana, na vichaka vya maji viko kutoka Somalia hadi Msumbiji. Lakini ndege anayefika Iraki amekonda kwa sababu makazi ya msimu yalikuwa mabaya huchelewa kuzaa, na kwa ndege mwenye dirisha la maji la wiki chache kuchelewa ni kukosa. Hasara ya huku huonekana kule. Ni jambo linalofaa kuandikwa katika kila tathmini ya athari za mazingira ya bwawa au shamba kubwa kwenye delta za pwani yetu, na mara nyingi haliandikwi, kwa kuwa ndege hazai hapa.

Kinachokosekana zaidi katika kisa hiki ni hesabu mbili zinazokwenda pamoja. Iraki wanahitaji kusikiliza nyimbo mwezi wa tano katika vituo vile vile kila mwaka, maji yawepo yasiwepo, pamoja na kurekodi usawa wa maji mwezi wa sita, si eneo la kijani peke yake. Ngulia wanahitaji kuendelea kutandaza nyavu kila mwezi wa kumi na moja na kutoa uwiano wa ndege-matete wa Basra dhidi ya palustris, wakitenganisha makinda wa mwaka huo na wazima, jambo linalowezekana kwa kuangalia uchakavu wa manyoya. Idadi ya makinda katika nyavu za Tsavo ingesema, miezi michache tu baadaye, kama msimu wa Iraki ulizaa au haukuzaa. Ukame wa 2021 hadi 2023 ulikuwa jaribio la aina hiyo. Na jibu lina uzito wa moja kwa moja kwenye daraja lake, kwa kuwa mwisho wa chini wa makadirio, ndege 1,500, tayari uko chini ya kizingiti cha 2,500 kinachoweza, kupungua kukiendelea, kumbakiza katika orodha hata kama kigezo cha kasi kingefutwa kesho.